Mmoja ataka nyumba, mwingine ataka njia

MAPENZI ni majani, walisema wahenga, huota popote. Huota penye rutuba na huota juu ya mwamba. Lakini hawakutuambia, mpenzi msomaji, majani yaliyoota juu ya mwamba yatakunywa maji gani jua la kiangazi likianza kuwaka.

Jumapili hii tuketi pamoja tutazame filamu moja ya zamani inayohusu majani ya aina hiyo. Ni filamu ya mapenzi, ilipigwa hapa hapa nchini Kenya, na watu wa mabara yote waliitazama wakiwa na leso mkononi. Jina lake ni Out of Africa.

Nimeichagua kwa sababu ya barua. Msomaji mmoja, binti anayesoma mwaka wa nne wa chuo kikuu huko Nchiru, Meru, ananieleza kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiishi na mpenzi wake katika chumba kimoja cha kukodi karibu na chuo. Wanapika pamoja, wanasoma pamoja, na mmoja akikosa karo mwenzake hukopa kwa ajili yake. Kijana ni mpole. Halewi, hapigi, hatukani.

Lakini kila binti anapomuuliza, “Tukimaliza masomo itakuwaje?” kijana hucheka na kusema kesho itajipanga yenyewe. Binti angependa kupata kazi karibu na kwao, ajenge, azae, atulie. Kijana anasema atakwenda popote kazi itakapomwita, leo Mombasa, kesho Turkana, keshokutwa ng'ambo ikiwezekana. Marafiki wanawaambia kwamba hawafanani.

Usiku mmoja binti huyu aliitazama Out of Africa kwenye simu, akalia hadi alfajiri. Sasa anauliza: je, mapenzi kama yale hayatoshi, hata kama hakuna aliyeahidi chochote?

Swali hilo si dogo. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeliuliza, nitalijibu mbele yenu nyote.

Kisa chenyewe

Kwa wale ambao hawajaiona, hadithi inaanza mwaka wa 1913. Karen, mwanamke wa Denmark mwenye mali, ameachwa na mwanamume aliyempenda. Kwa uchungu na haraka anamgeukia ndugu ya mtu huyo, Bror Blixen, ambaye ana cheo cha ubwanyenye lakini hana fedha. Wanakubaliana: mmoja alete mali, mwingine alete jina, waoane na wahamie Afrika Mashariki kufuga ng'ombe wa maziwa.

Karen anapowasili anakuta bwana harusi ameshabadilisha mipango bila kumwuliza. Fedha zake zimetumiwa kwa shamba la kahawa. Ndoa yenyewe haina joto. Bror anatembea nje na kumletea mkewe ugonjwa wa kaswende, hata inambidi Karen arudi kwao Denmark kutibiwa. Hatimaye anamwambia mumewe ahame.

Hapo ndipo anapoingia Denys Finch Hatton. Ni mwindaji na kiongozi wa safari, mtu wa vitabu na muziki, mcheshi, asiye na makao. Anaomba kuweka vitu vyake katika nyumba ya Karen. Akitoka porini anakuja na santuri na chupa ya mvinyo, wanakula kwa mishumaa, Karen anasimulia hadithi usiku kucha. Anamwosha nywele kando ya mto. Anampandisha katika ndege ndogo, wanapaa juu ya mabonde na makundi ya heroe. Nani asingependa?

Kisha asubuhi moja gari linapakiwa tena na Denys anaondoka. Atarudi lini? Atakaporudi.

Karen anaanza kutaka zaidi. Anataka ndoa. Denys anajibu kwamba karatasi haitamfanya ampende zaidi wala kumsogeza karibu zaidi. Mwanamke kijana anapotaka kufuatana na Denys safarini, Karen anakataa na kumwambia akimchukua huyo, basi atafute pengine pa kuishi. Denys anachagua kuondoka.

Shamba nalo linakufa. Moto unateketeza kiwanda, benki inadai, vyombo vya nyumbani vinauzwa. Denys anarudi kumwona katika nyumba iliyo tupu, na anakiri kwamba Karen amemharibia upweke wake; hawezi tena kufurahia kuwa peke yake. Anaahidi kurudi kumchukua kwa ndege hadi Mombasa. Harudi. Ndege inaanguka, na anazikwa katika vilima vya Ngong.

Nani aliifanya na ilifanyaje?

Filamu hii ilitolewa Desemba mwaka wa 1985. Mwongozaji wake alikuwa Mmarekani Sydney Pollack. Karen aliigizwa na Meryl Streep, Denys na Robert Redford, na Bror na Klaus Maria Brandauer wa Austria. Muziki uliotungwa na John Barry ndio ule unaokutoa machozi hata kabla ya mtu yeyote kusema neno. Machi 1986 filamu ilinyakua tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ile ya filamu bora ya mwaka.

Kisa kina mizizi katika maisha ya kweli. Karen Blixen aliishi chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931. Aliporudi Denmark alianza kuandika, na mwaka wa 1937 akachapisha kitabu ambacho filamu ilichukua jina lake. Hakurudi tena Kenya hadi alipofariki mwaka wa 1962. Nyumba yake ilinunuliwa na serikali ya Denmark ikawa zawadi kwa Kenya ilipojipatia uhuru, na mwaka wa 1986, baada ya filamu kuvuma, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wengi wenu mmepelekwa huko na shule.

Jambo moja la kuchekesha kidogo: Kenya yenye simba wake wote, watengenezaji wa filamu waliagiza simba waliofunzwa kutoka California. Na Denys halisi alikuwa Mwingereza mwenye upara, ilhali Redford ana nywele za dhahabu na anazungumza Kimarekani bila kujisumbua. Lakini uzuri wa sinema ni huo, hutusahaulisha hesabu.

Pollack alifariki mwaka wa 2008 na Redford akamfuata Septemba 2025. Wawili hao, tangu ujana wao wa kazi, walikuwa na hamu ya kisa cha aina hii. Miaka 12 kabla ya Out of Africa walitengeneza The Way We Were, mwaka wa 1973, Redford akiigiza na Barbra Streisand. Humo kuna msichana Myahudi mwenye siasa kali, Katie, na kijana wa kizungu aliyelelewa kwa raha, Hubbell, ambao wanakutana chuoni mwaka wa 1937. Wanapendana, wanaoana, wanapata mtoto, na bado wanaachana. Si kwamba mmoja ni mbaya. Katie hawezi kunyamaza akiona dhuluma, na Hubbell hawezi kuishi katika ugomvi usiokwisha.

Ukizitazama filamu hizo mbili kwa wiki moja, utaona ni ugonjwa mmoja katika miili miwili.

Tunapima kwa mizani gani?

Sasa turudi kwa neno la marafiki wa binti wa Nchiru, kwamba “hawafanani”. Sisi watu wa hapa tukisema wapenzi hawafanani, huwa tunapima nini? Tunapima kabila. Tunapima dini na dhehebu. Tunapima mali ya baba, shahada, umri, hata kimo.

Mwaka wa 1986, karibu wakati ule ule wa Out of Africa, Mkenya Sao Gamba alitoa filamu iitwayo Kolormask, kuhusu Mkenya anayerudi nyumbani na mke Mwingereza. Huko tofauti inaonekana hata na mtoto mdogo: rangi, mila, lugha, jamaa. Kila mtu ana maoni. Taabu ni nyingi, lakini angalau kila mtu anajua taabu iko wapi.

Karen na Denys ni kinyume. Ukiwapima kwa mizani yetu, wanafanana kuliko wengi. Wote ni Wazungu wa tabaka la juu, wote wasomi, wote wanapenda hadithi, muziki na pori. Mshenga yeyote angepiga makofi. Kutofanana kwao kuko mahali ambapo macho ya jirani hayafiki: mmoja anataka nyumba, mwingine anataka njia.

Tena angalieni jambo hili. Kwa Bror, Karen alipata makubaliano bila mapenzi. Kwa Denys alipata mapenzi bila makubaliano. Yote mawili yalimshinda.

Je, Denys ni mkosaji? Binti wa Nchiru anamwita katili. Mimi, msomaji, siwezi. Denys hakudanganya. Tangu siku ya kwanza alisema yeye ni mtu wa kupita, na alimtania Karen kila aliposema “langu” na “wangu”. Karen alisikia, lakini moyoni akasema atabadilika. Denys naye alimwona Karen akipamba nyumba na kuhesabu siku, lakini moyoni akasema atazoea.

Kila mmoja alimsubiri mwenzake abadilike, na kusubiri huko wakakuita mapenzi. Hapo ndipo filamu inaponikata maini. Si ndege iliyowatenganisha. Ndege ilimaliza tu jambo ambalo lilikuwa limekwisha.

Kahawa mahali pasipo pake

Kuna jambo ambalo watazamaji wa mijini hulipita haraka, lakini watu wa Meru na Embu watalielewa mara moja. Ni ile kahawa.

Shamba la Karen lilikuwa zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Kahawa haikupapenda. Ilipata baridi, ilipata ukame, na udongo wenyewe haukuifaa. Karen hakuwa mvivu. Alipalilia, alikopa, alipigana na benki miaka na miaka. Bidii yake yote haikuweza kuteremsha shamba hata futi moja.

Wakati huo Mwafrika alikuwa hana ruhusa ya kupanda kahawa. Ni baada ya Karen kuondoka, katikati ya miaka ya 1930, ndipo serikali ya kikoloni iliporuhusu wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii waijaribu. Katika miteremko ya Mlima Kenya mmea ule ule ukastawi, na mpaka leo watoto wa huko wamesomeshwa kwa kahawa. Mmea haukuwa na kosa. Mahali ndipo palipokuwa na kosa.

Mapenzi nayo ni hivyo hivyo. Mtu aweza kuwa mwema, mwenzake naye mwema, na bado wakawa wamepandana mahali pasipofaa. Hapo bidii haisaidii. Kinachosaidia ni kuuliza kimo cha shamba kabla ya kukopa.

Na tukiwa bado shambani, tusitazame filamu hii kwa jicho moja. Katika ajali ile ya Voi ya mwezi wa Mei 1931 Denys hakufa peke yake. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Filamu haina kaburi la Kamau. Vilevile Iman, mwanamitindo maarufu kutoka Somalia, anaigiza mpenzi wa Mzungu mmoja rafiki wa Denys, lakini sehemu yake ni fupi kama kupepesa jicho, ilhali penzi lao lilistahili filamu yake lenyewe. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliukosoa vikali uandishi wa Karen Blixen kwa jinsi ulivyowaona Waafrika, na hakukosa sababu. Ardhi aliyoililia Karen ilikuwa na wenyewe kabla yake.

Haki yake tumpe pia. Alipokuwa akiondoka, alihangaika huku na huko katika ofisi za serikali ili Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani wasitawanywe, na wakapatiwa mahali pa kukaa pamoja. Katika filamu anapiga magoti mbele ya gavana kwa ajili yao. Mara hiyo hakusubiri mtu abadilike. Aliuliza waziwazi, mbele ya watu, na akapata jibu.

Nchiru ya wazee na Nchiru ya vijana

Sasa tupande barabara ya kutoka mjini Meru kwenda Maua hadi Nchiru kwenyewe. Ni mahali pa ajabu kwa mazungumzo yetu. Hapo ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Na hapo hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Ardhi ya chuo ilitolewa na wazee hao. Kwa hivyo wale vijana wa vyumba vya kukodi wanalala mwendo mfupi tu kutoka kwa watu waliolinda mila za ndoa kwa vizazi vingi.

Katika mila hizo, posa haikuwa jambo la wawili gizani. Ilikuwa na vitu vinavyojulikana, mtamba na fahali, kondoo jike na dume, pamoja na asali. Kila kitu kilipofika nyumbani kwa binti, kilikuwa kama neno lililosemwa kwa sauti. Jirani alisikia. Shangazi alisikia. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua wanaelekea wapi.

Sisemi turudi nyuma kwa kila jambo. Wazee waliposema kwa sauti, mara nyingi msichana ndiye aliyenyamazishwa. Anne Mungai alituonyesha hayo katika filamu yake Saikati ya mwaka wa 1992, ambamo msichana wa Kimaasai anakimbilia Nairobi akikwepa kuozwa kwa mtoto wa chifu. Saikati alifungwa na maneno ambayo hakuyasema yeye. Karen aliteswa na maneno ambayo hayakusemwa na yeyote. Katikati ya hao wawili ndipo pa kusimama: maneno yasemwe, na yasemwe na wenyewe.

Hata sheria imefika hapo. Wengi hudhani kwamba mkikaa pamoja katika mtindo wa “njoo tuishi” kwa miaka kadhaa, mmeshakuwa mume na mke. Jihadharini. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ile ya kimila. Na mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba ndoa ya kudhaniwa ni jambo la nadra. Anayedai ndoa hiyo ndiye wa kuithibitisha. Aonyeshe kwamba waliishi pamoja muda mrefu, kwamba hakuna kilichowazuia kisheria kuoana, kwamba wote wawili walikusudia na kuridhia, na kwamba walijitokeza mbele ya watu kama mume na mke.

Soma tena maneno hayo: wote wawili walikusudia na kuridhia. Kijana asemaye “kesho itajipanga yenyewe” amekusudia nini? Na siku chumba kikifungwa, nani atagawa kitanda, jiko na mtoto?

Jibu langu kwa dada wa Nchiru

Dada yangu, umeniuliza kama mapenzi kama yale yanatosha. Nakujibu bila kuzunguka: yanatosha kwa filamu ya saa mbili na dakika 41. Kwa maisha, hayatoshi.

Sikuambii umwache kijana wako. Simjui, na wewe ndiye unayejua anavyokutazama ukiwa mgonjwa. Ninachokuambia ni kwamba machozi uliyolia usiku ule hayakuwa ya Karen. Ulijililia mwenyewe, na moyo wako ulikuwa umeshajibu kabla hujaniandikia.

Kuuliza si ujinga. Chagua siku ambayo hamna njaa, hamna mtihani wala hasira. Usimuulize kwa mzaha, maana mzaha hujibiwa kwa mzaha. Mwambie unachotaka wewe kwanza, kwa maneno mepesi: nataka kuolewa, nataka kuishi mahali pamoja, nataka watoto wangu wajue babu yao. Kisha muulize yeye anataka nini, na ukishauliza, nyamaza. Mwache aseme hata kama jibu litauma.

Akisema, “Nataka hayo pia, lakini nipe miaka miwili nitafute kazi,” hilo ni jibu, na ahadi ni deni. Mwende mkawaone wazazi. Akisema hataki kufungwa na mahali popote, hilo nalo ni jibu, tena la kiungwana. Usimwite mwongo. Lakini usibaki ukiweka taa dirishani ukitumaini atazoea. Hatazoea. Akizoea, huenda ikawa kama Denys, siku ambayo vyombo vimeshauzwa.

Asipojibu kabisa, akacheka tena na kubadili mazungumzo, basi fahamu kwamba amejibu.

Kwako kijana unayesoma ukurasa huu chumbani kwa mwenzio: kupenda njia si dhambi. Dunia inahitaji watu wa kwenda mbali. Lakini ukikaa kwenye nyumba ya mtu anayepika akikungoja, ukala, ukalala na ukajua anachotumaini, kunyamaza kwako si uhuru. Ni deni unaloliongeza kila usiku. Sema mapema, akiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Na ninyi wazazi, msicheke. Mnalipa karo, mnapiga simu kuuliza matokeo, lakini ni wangapi mmewahi kumuuliza mtoto anaishi na nani? Wengi huogopa jibu. Watoto nao huona hofu hiyo, wakanyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ukuta huo huja nyumbani ukiwa umebebwa mgongoni, na jina lake ni mjukuu. Ulizeni kwa upole, bila fimbo. Mtoto anayeweza kuzungumza na mama yake kuhusu mapenzi ataweza pia kuzungumza na mpenzi wake kuhusu kesho.

Ukitaka kuitazama

Filamu inafaa kwa watu wazima na wanafunzi wa sekondari za juu. Watoto wadogo wataogopa simba na watachoshwa na urefu wake. Yapo mambo ya unyumba, lakini yameonyeshwa kwa staha. Wazazi wajiandae kuulizwa kuhusu ule ugonjwa wa Karen, na wajibu bila kupepesa macho, kwa maana ndilo somo la afya litakalokumbukwa kuliko lolote la darasani.

Itazameni wawili, kama mko wawili. Mfikapo pale ambapo Denys anasema karatasi haitabadilisha kitu, simamisheni picha. Kila mmoja achukue kalamu aandike, bila kumwonyesha mwenzake, anataka kuwa wapi miaka mitano ijayo, na pamoja na nani. Kisha badilishaneni karatasi.

Mkiona mmeandika mamoja, endeleeni kutazama mkiwa mmeshikana mikono. Mkiona yametofautiana, zimeni filamu. Mna mazungumzo muhimu zaidi ya kufanya, na usiku bado ni mrefu.

Jumapili njema, na tukutane tena wiki ijayo.